Mfundishe Kichina kwa Kiswahili

Neno lililonionesha kuwa tumeanzia pabaya ni gēge.

Mpwa wangu, siku zile ana miaka minane, alikuwa amekaa barazani kwetu Kiponda na simu mkononi, akifuata programu ya kujifunzia Kichina. Simu ikamtolea picha ya mvulana, ikatamka gēge, na chini yake ikaandika maana kwa Kiingereza. Akarudia mara tatu, vizuri tu. Ikaja picha ya mvulana mwingine, ikatamka dìdi, na maana iliyoandikwa ikawa ile ile. Mtoto akakunja uso. "Shangazi, mbona hawa wana majina mawili na ni kitu kimoja?"

Si kitu kimoja. Gēge ni kaka, aliyekutangulia kuzaliwa. Dìdi ni mdogo wako wa kiume. Mtoto huyu ana kaka na ana mdogo, na hajawahi kuwachanganya, kwa sababu Kiswahili cha nyumbani hakimruhusu. Kichina kilikuwa kinamwambia jambo analolijua siku nyingi, lakini sisi tulimpitisha kwanza kwenye lugha ya tatu isiyojali nani alitangulia, na huko njiani jambo lenyewe likapotea. Niliizima simu, nikachukua karatasi, tukaanza upya.

Ninaandika haya kwa wazazi na walimu wa Unguja wanaotaka watoto wao wajue Kichina, na ninajua ni wengi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinakifundisha, na Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo tangu 2013. Kenya ilitangaza mapema 2019 kuwa itakiingiza katika skuli za msingi. Mtoto wa mjini hapa anawaona Wachina kila siku: wajenzi, wafanyabiashara wanaonunua majongoo bahari, watalii wanaopiga picha milango ya Shangani, na madaktari wa hospitali ya Mnazi Mmoja, ambao timu yao ya kwanza ilikuja visiwani mwaka 1964 na ambao kwa miaka yote hiyo wametoka katika jimbo moja, Jiangsu. Hamu ipo, na sababu zipo. Ninachoomba ni kwamba mlango wa kuingilia uwe Kiswahili. Kiingereza kina kazi zake, na nzuri, lakini hii si mojawapo.

Anzeni na ukoo. Tandazeni karatasi sakafuni, choreni mti wa familia, mumweke mtoto katikati. Bàba na māma hayahitaji tafsiri yoyote, na utaona uso wa mtoto unavyong'aa akigundua hilo. Kisha pandeni juu. Shangazi, dada wa baba, ni gūgu. Mjomba ni jiùjiu. Baba mkubwa ni bóbo, baba mdogo ni shūshu. Mama mkubwa ni dàyí, mama mdogo ni xiǎoyí, na humo ndani dà ni kubwa na xiǎo ni dogo, kama tunavyosema sisi, neno kwa neno. Mtoto wa Kiingereza analazimika kufundishwa kwamba ndugu wa baba na ndugu wa mama si watu wa jina moja. Mtoto wa Unguja amelijua hilo pale alipojua nani wa kumtania na nani wa kumwogopa.

Mti huo huo utakuonesha pia mahali tunapoachana. Sisi babu ni babu. Wachina wanamtenga: wa upande wa baba ni yéye, wa upande wa mama, kwa wengi wa kusini, ni wàigōng, na wài maana yake ni nje. Mpwa wangu aliposikia hivyo alikasirika kwa niaba ya babu yake mzaa mama. Nilimwacha akasirike. Tukazungumza kwa nini zamani binti akiolewa kule alihesabiwa kuwa amekwenda nyumba nyingine, na kwa nini kwetu mjomba ana nafasi yake hata binti akiolewa mbali. Mazungumzo yale yalichukua jioni nzima, na sidhani kama ningeweza kumpa somo la utamaduni lililo bora kuliko lile.

Baada ya ukoo, hesabu. Hapa pia Kiswahili kimeshamaliza nusu ya kazi. Kumi ni shí, moja ni yī, kumi na moja ni shíyī. Hata "na" haipo. Kuanzia ishirini sisi tulichukua maneno ya Kiarabu, wao wakaendelea na mpango ule ule: èrshí ni mbili-kumi, sānshí ni tatu-kumi. Miezi ni rahisi zaidi. Wazee wetu hawasemi Januari. Wanasema mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, na Mchina anasema yīyuè, èryuè, kwa mpango huo huo. Mtego uko kwenye siku. Sisi tunaanza kuhesabu kwenye Jumamosi, wao wanaanza Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu yetu ni "wiki moja" yao, Jumanne ni mbili, Jumatano ni tatu. Mwambie mtoto aondoe mbili: tatu inakuwa moja, nne inakuwa mbili, tano inakuwa tatu. Atalishika kwa siku moja.

Na usimkalishe mezani kwa ajili ya namba. Bao lipo. Kete ni 64, na mtoto anayezihesabu kwa Kichina kila anapomsaidia babu kupanga bao atafika liùshísì bila kujua kama alikuwa anasoma. Wasichana wana mdako: kijiwe juu, hesabu, kidake. Watoto wa China nao wana mchezo wao wa vijiwe unaofanana na huo, kwa hiyo hata hapo wanakutana.

Sasa nije kwenye sauti, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kichina kina toni nne, na ya tano isiyotiliwa mkazo. Silabi moja, ma, ukiiimba kwa toni ya kwanza ni mama, ya pili ni katani, ya tatu ni farasi, ya nne ni kukaripia. Vitabu vingi vinachora mishale na kumwambia mtoto "juu, panda, shuka panda, shuka". Mtoto anaangalia mishale na sikio linalala. Mimi ninatumia sauti zinazosikika nyumbani. Toni ya kwanza ni ya mtu aliyesimama mlangoni na kupiga hodi kwa kuivuta: "Hoooo-di!" Ule mvuto wa mwanzo, ulionyooka juu bila kutetereka, ndio wenyewe. Toni ya pili ni ile "Eeh?" ya mtu ambaye hakusikia ulichosema. Ya tatu ni "mmmh" ya bibi anayetia shaka bei ya samaki, inayozama chini kabla ya kuinuka kidogo. Na ya nne ni "We!" anayopigwa mtoto aliyegusa birika la moto: fupi, kali, inaanguka.

Fanyeni hivi wiki mbili nzima kabla ya kugusa maandishi yoyote. Sema silabi, mtoto ajibu kwa jina la sauti: hodi, eeh, mmmh, we. Kisha mgeuze: yeye aseme, wewe ubashiri. Akikukosesha atacheka, na anayecheka anasikiliza. Ukishafika kwenye maneno ya silabi mbili, usihangaike kumfundisha sheria kwamba toni mbili za tatu zikifuatana ya kwanza hugeuka kuwa ya pili. Msikilizishe nǐ hǎo jinsi wenyewe wanavyoisema, yaani kama ní hǎo, na aifuate. Sheria ataikuta mbele, akiwa tayari anaitekeleza.

Kuhusu konsonanti nina habari njema ambayo sijaiona katika kitabu chochote cha watoto. Kichina kinatofautisha p yenye pumzi na p isiyo na pumzi. Hiyo ya pili ndiyo inayoandikwa b katika pinyini, maandishi ya Kilatini ambayo China iliyapitisha mwaka 1958. Mtoto anayesoma pinyini kwa mazoea ya Kiswahili atatamka bàba kwa b yetu nzito ya "baba", na atakosea kidogo. Lakini Kiunguja cha wazee kina tofauti hiyo hiyo! Paa la nyumba halina pumzi. Paa wa msituni Jozani ana pumzi. Kaa la moto halina. Kaa wa pwani anayo. Vijana wengi wa mjini wameanza kuipoteza tofauti hii, kwa hiyo mwite bibi. Mpe kipande cha karatasi laini akishike mbele ya mdomo, aseme "paa la nyumba, paa wa msituni". Karatasi itatikisika mara moja tu, kwa mnyama. Mtoto afanye naye mpaka karatasi yake itii. Halafu mwambie: p ya Kichina ni ya paa wa msituni, b ya Kichina ni ya paa la nyumba. Vivyo hivyo t na d, k na g. Bibi anakuwa mwalimu wa Kichina bila kujua neno hata moja, na mtoto anajifunza pia kukisikiliza Kiswahili cha bibi yake.

Ile ng inayofunga maneno kama Shang na Jiang ni ng' ya ng'ombe. Si ng ya ngoma. Mtoto asiiongezee irabu mwishoni, tabia ambayo sote tunayo kwa sababu maneno yetu hupenda kuishia na irabu. Herufi c si ch wala si k. Ni ts yenye pumzi. X hutamkwa ukitabasamu, ncha ya ulimi ikiwa nyuma ya meno ya chini, mahali fulani kati ya s na sh. Na ile u yenye vitone viwili, ü, mwambie aseme "i" ndefu, kisha bila kuusogeza ulimi akusanye midomo kama anayepuliza jiko la makaa.

Kuna jambo jingine watoto wetu wanalo. Mtoto wa Unguja anaanza chuo cha Kurani mapema, mara nyingi kabla ya skuli. Huko anaambiwa kwamba tha, sini na sadi ni sauti tatu mbali mbali, kwamba kila herufi ina makhraji yake, pahala inapotokea mdomoni, na kwamba kurefusha au kufupisha si hiari ya msomaji. Amezoea kusahihishwa sauti mara kumi bila kuhisi ametukanwa. Huo ni utajiri mkubwa kwa mwanafunzi wa Kichina. Mwambie tu: hii nayo ina makhraji yake. Nimeliona neno hilo likifanya kazi ambayo maelezo yangu ya nusu saa hayakuifanya. Na fuateni mwenendo wa chuoni pia: kidogo kila siku, kwa sauti, mkubwa akimsikiliza mdogo. Dakika 15 baada ya alasiri zinatosha. Saa mbili za Jumapili hazileti kitu. Mpaka Jumapili ya pili sauti zote zimeshapotea.

Mzazi asiyejua Kichina asiogope, ila asijifanye kinywa cha mfano. Kazi yake ni sikio na saa. Tafuta mzungumzaji mwenyewe, au sauti zilizorekodiwa na wenyewe, uzihifadhi kwenye simu ili zisikike hata bando likiisha. Jifunze pamoja na mtoto, hatua moja nyuma yake, na mwache akusahihishe. Kwa aliye chini ya miaka sita, nyimbo na maagizo ya nyumbani yanatosha kabisa: xǐ shǒu, osha mikono, lái chī fàn, njoo tule. Na kama mtoto yuko darasa la kwanza na bado anajikokota kusoma Kiswahili, msimletee pinyini. Herufi zile zile zenye sauti nyingine zitamvuruga katika lugha zote mbili. Akisha kusoma Kiswahili bila kusita, fungueni pinyini.

Kwa walimu wenye darasa kubwa, ninajua maneno haya ya barazani yanaweza kuonekana kama anasa. Lakini jaribuni kugawa darasa pande nne, kila upande na toni yake, mwalimu aseme neno na upande unaohusika usimame. Darasa zima linasikiliza kwa sababu hakuna anayetaka upande wake uchelewe. Na agizo linalofuatwa kwa mwili, simama, kaa, fungua mlango, linakaa kichwani kuliko neno lililonakiliwa ubaoni.

Kuna kitu katika Kichina kinachowachosha wageni wengi: huwezi kusema tu "samaki mmoja". Lazima katikati uweke neno la kuhesabia, na linategemea kitu chenyewe. Samaki, kwa kuwa ni mrefu, ni yì tiáo yú. Kuku ni yì zhī jī. Kitabu ni yì běn shū. Karatasi, kwa ubapa wake, ni yì zhāng zhǐ. Mtu wa nje anauliza kwa nini. Mtoto wetu, ambaye tangu azaliwe anasema mtu mmoja, kitu kimoja, yai moja, nyumba moja, haulizi. Anajua kwamba vitu vina makundi na kwamba ukikosea kundi watu wanageuka kukuangalia. Mwambie, "Hizi ni ngeli zao," ingawa mtaalamu wa isimu atanisahihisha, na mpeleke Darajani. Kwenye meza za samaki anahesabu kwa tiáo: changu, nguru, kibua. Pweza, zhāngyú, anahesabiwa kwa zhī, kama kuku, na mtoto atataka kujua kwa nini jina lake limebeba yú, samaki, wakati hana umbo la samaki. Kwenye matunda ni gè: nazi moja, embe moja. Nusu saa sokoni na kapu la mama mkononi ni somo kamili, na limelipiwa na kitoweo mlichokuwa mkinunua.

Maandishi yaje baadaye, na yaje polepole. Wengi huanza na moja, mbili, tatu, kwa sababu ni mistari tu, na si vibaya. Mimi ninaanza na 丁. Ni dīng, na asili yake ni msumari. Ina mistari miwili: wa kwanza unalala kutoka kushoto kwenda kulia, wa pili unashuka na kupinda kijikia mwishoni. Nilimwekea mpwa wangu karafuu moja kavu juu ya ukurasa, kichwa juu, kikonyo chini, pembeni mwa herufi hiyo. Akaitazama moja, akaitazama nyingine. Karafuu kwa Kichina ni dīngxiāng, msumari wenye harufu nzuri. Zamani, enzi za Han, maofisa wa ikulu waliiweka mdomoni kabla ya kuzungumza na mfalme ili pumzi isimkere. Mtoto aliiweka ile karafuu mdomoni mwake, akaandika 丁 ukurasa mzima, na daftari lile bado lina harufu yake.

Daftari liwe la hesabu, lenye vyumba vya mraba, herufi moja kwa vyumba vinne. Mpangilio wa mistari ufuatwe tangu siku ya kwanza: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia. Mkono uliozoea vibaya hausahihishiki kirahisi. Kisha mwoneshe jinsi herufi zinavyojengana. Mti ni 木, mù. Miti miwili, 林, ni msitu mdogo. Mitatu, 森, ni msitu mnene, ni Jozani. Mtu akiegemea mti, 休, anapumzika. Herufi tatu kwa wiki zilizokaa vizuri ni bora kuliko kumi zinazosahauliwa. Kwa mzazi anayetaka kupima, upo mtihani wa Kichina wa watoto, YCT, wenye hatua nne. Ya kwanza inataka maneno 80 tu, ya nne 600. Usimharakishe mtoto kuufikia. Na tafadhali, usimwambie mtoto wa miaka saba kuwa anajifunza ili apate kazi.

Utamaduni nao usiwe joka la karatasi na vijiti vya kulia basi. Sisi tuna China chini ya miguu yetu. Unguja Ukuu wachimbaji wamekuta vigae vya vyombo vya China vya enzi ya Tang, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kajengwa, huko huko Makunduchi ambako watu huenda kila Julai kwa Mwaka Kogwa, mwaka 1945 ilifukuliwa hazina ya sarafu za China, nyingi zikiwa za enzi ya Song. Mtakapokwenda Mwaka Kogwa, mwambieni mtoto habari hiyo pale pale alipo. Nyumbani mtengenezeeni sarafu ya boksi, duara yenye tundu la mraba katikati: duara kwa mbingu, mraba kwa ardhi. Zidaka za nyumba za Mji Mkongwe zilijaa sahani za Kichina, na kama bibi bado ana moja, igeuzeni, mwangalie chini yake kuna alama gani. Hata neno chai tunalolitamka kila asubuhi lilianzia huko, chá, likapita kwa Waajemi kabla ya kutufikia.

Kwa familia za Kiislamu, na hizo ndizo nyingi hapa, kuna mlango mwingine ambao walimu wengi hawaufungui. Uchina ina Waislamu wa karne nyingi. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alifika Quanzhou, mji wenye msikiti wa karne ya 11 ambao bado umesimama. Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, walikiandika Kichina kwa herufi za Kiarabu, mtindo unaoitwa Xiao'erjing, kama vile wazee wetu walivyokiandika Kiswahili. Mwoneshe mtoto barua ya zamani ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kisha mfano wa Xiao'erjing, na mwache azisome sauti mwenyewe. Na mfundishe mapema neno qīngzhēn. Akiliona mlangoni mwa mkahawa, popote Uchina, atajua kuwa chakula ni halali.

Jikoni fanyeni jiǎozi. Unga wa ngano na maji, donge gumu kidogo kuliko la chapati, lipumzike nusu saa. Ndani nyama ya ng'ombe ya kusaga, tangawizi, vitunguu vya majani, chumvi na sosi ya soya. Mapishi mengi ya Kichina yanataja mvinyo wa kupikia, muuache. Sukuma viduara vidogo, tia nyama, kunja na ubane. Mtoto aliyewahi kukunja sambusa za Ramadhani hahitaji kuoneshwa mara mbili. Zichemsheni kwenye maji mengi. Zikielea tia kikombe cha maji baridi, na ufanye hivyo mara tatu. Kisha mwelezeni kwamba kaskazini mwa China familia hukesha wakizikunja usiku wa kuamkia mwaka mpya, na kwamba watoto huko hupewa pesa katika bahasha nyekundu. Atasema mwenyewe: mkono wa Idi. Mwaka wao nao hufuata mwezi, ila huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu ili usihame msimu, ilhali wetu wa Hijria unazunguka. Mtoto anayepanda darini kutafuta mwezi mwandamo ataelewa haraka.

Jambo moja ninalisema kwa uzito. Watoto wetu, na wakubwa pia, wana tabia ya kumpigia Mchina kelele njiani na kuigiza lugha yake kwa sauti za ovyo. Mtoto anayejifunza Kichina huku nyumbani akisikia mzaha huo anafundishwa mambo mawili yanayopingana. Ukatazeni. Na mwalimu akimpa mtoto jina la Kichina, liwe la pili. Fatma abaki Fatma. Kichina chenyewe kina Fǎdìmǎ.

Mwaka uliopita, mpwa wangu ametimiza tisa, tulikuwa Forodhani baada ya magharibi. Mzee mmoja wa Kichina alisimama karibu nasi akitazama meza za vyakula. Mtoto akamsogelea, akasema yéye hǎo, kama anavyomwamkia babu yake. Mzee akainama, akamuuliza umri. Jiǔ suì, akajibu, na toni zote zilikaa. Akamuuliza anakula nini. Mkononi alikuwa na muhogo wa kuchoma. Akafungua mdomo, akaufunga, akanikimbilia.

"Shangazi, muhogo wanauitaje?"

"Mùshǔ."

"Mù si mti?"

"Ndiyo, mti. Na shǔ ni kiazi."

"Kiazi cha mti," akasema, akauangalia muhogo wake, na akarudi mbio kwa yule mzee.